Onja Kwanza, Mama Nadine

Kwetu Ruashi mtu hanywi kikombe ambacho mwenye nyumba hajakionja. Hata maji. Mwenyeji anakunywa kidogo mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu wala uchawi ndani. Ni adabu tu, na kwa watu wengi ni tone la kulowesha mdomo. Lakini mimi nilikuwa nauza lutuku, ile pombe kali ya mahindi tunayoipika kwenye pipa nyuma ya nyumba, na wateja wangu walianza kuja kabla hata sijafagia uwanja. Kila mmoja alisimama mlangoni akasema, "Onja kwanza, Mama Nadine." Nikaonja. Akaja mwingine, nikamwonjea na huyo. Ninyi mnaosoma haya mkiwa katikati ya jambo hilihili, sitawadanganya: nilianza kwa sababu ya adabu, nikaendelea kwa sababu niliipenda.

Sikuingia kwenye biashara ile kwa tamaa. Ilikuwa miaka ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire, na kila kitu tulichokiegemea kilikuwa kinaanguka. Kampuni ya shaba alikofanya kazi mume wangu, fundi wa umeme, ilikuwa inakufa polepole. Kwanza tulikosa unga wa mgao, halafu mshahara, halafu dawa. Askari walivunja maduka ya mjini, na raia wakaingia nyuma yao kuokota kilichobaki. Nakumbuka jirani yetu alipita na mlango wa friji kichwani, mlango peke yake, anatembea kama bwana harusi. Kisha majirani wetu wa asili ya Kasai wakafukuzwa, wakawa wanalala kwenye kituo cha gari-moshi pamoja na magodoro yao. Mama aliyenisaidia kumzaa binti yangu Nadine alikuwa mmoja wao. Sikwenda kumuaga, niliogopa watu watanionaje.

Baba Nadine alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Alisema akifika tu atatuma habari. Hakuna habari iliyokuja. Kuna wakati nilikuwa nasali Mungu amlinde popote alipo, na kabla sijasema amina nimeshamlaani kwamba ameoa huko.

Basi nikatafuta pipa na bomba.

Mwili ulinipa taarifa mapema, mimi ndiye niliyejitia hamnazo. Uso ulivimba asubuhi, wanawake wa kisimani wakasema nimenenepa, nikafurahi. Miguu ikaanza kufa ganzi. Chakula kilinikataa, nilitapika maji ya njano kila nilipoamka, na dawa ya kutapika ilikuwa nini? Ilikuwa kuonja tu. Nadine, mtoto wangu wa pekee, alikuwa darasa la nne. Aliponiuliza kwa nini natetemeka nilimwambia ni malaria, na kwamba lutuku ni dawa ya malaria. Alinitazama kwa heshima zote, akaenda kusuuza vikombe vya wateja.

Nilianguka mwanzoni mwa mvua, mchana kweupe, kando ya pipa langu. Siku chache kabla nilikuwa nimejaribu kuacha mwenyewe kimyakimya, bila kumwambia mtu. Nadine ndiye aliyeniona natupa miguu na kutoa povu. Alidhani nimekufa, na alikimbia barabarani bila viatu akipiga kelele. Jambo hilo ndilo ninalowaomba mlishike kuliko yote humu: kama umekunywa miaka, usijifungie ndani ukaacha ghafla peke yako. Nenda mahali penye watu wanaojua kutibu. Aibu ya kwenda ni ndogo kuliko kumwachia mtoto picha ile machoni.

Hospitali ya wakati ule ilikuwa kazi kwa mgonjwa na jamaa zake. Unakuja na sindano yako, glavu zako, maji yako ya kunywa na shuka lako. Wauguzi walikuwa hawalipwi, wengine walikuja kwa huruma tu na wengine kwa mazoea. Nilingoja kwenye benchi la korido, nimeegemea ukuta, mikono inacheza yenyewe mapajani. Kila mlango ulipofunguliwa sote tuliinua shingo, halafu mlango ukafungwa na shingo zikarudi. Dada yangu mkubwa, Yaya Monika, alikuwa amefika kutoka kijiji cha Kasomeno. Kawaida alikuja mjini kuuza samaki wakavu. Safari hii alikuja kwa ajili yangu na hakuficha hasira.

Dripu ya kwanza niliiona imejaa siafu. Walishuka kwenye mpira, wakaingia mkononi, wakatembea chini ya ngozi. Nilipiga kelele nikang'oa sindano. Yaya Monika alivua kikwembe, kitenge chake cha juu, akanifunga nacho kitandani, akaketi juu ya miguu yangu huku analia na kunitukana kwa pamoja. Sitasahau uzito wake.

Siafu walipoondoka nikaanza kutambua watu, Yaya Monika alinitoa koridoni tukae kwenye benchi. Hapo akasema alichokuja kusema.

"Mutoto namubeba."

"Yaya, eko mutoto yangu."

"Ndiyo, eko mutoto yako. Lakini Kasomeno iko shamba, iko masomo, iko watu. Kwako iko nini? Iko pipa." Alivuta pumzi. "Atarudi ile siku utapona. Na haina ile siku utasema wewe mwenyewe. Ni ile siku mi nitaona na macho yangu."

Nilitaka kupigana naye. Nilikosa nguvu hata ya kushika ukingo wa benchi. Nadine alikuwa amesimama pale karibu na mfuko wake wa nguo, na nilipomwita aje anikumbatie alikuja upesi, kwa utii, akanikumbatia na kugeuza uso pembeni ili asinuse mdomo wangu. Wakaondoka na lori lililokuwa linarudi upande wa Kasenga. Moyo ulinipasuka, na jambo la kwanza nililolitamani, Mungu anisamehe, lilikuwa kikombe.

Rehema ndogo ya Mungu ilikuwa imekaa kwenye benchi lilelile. Mama Furaha alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye depo ya maharagwe ya jumla na malori mawili. Mume wake alikuwa amelazwa wodi ya wanaume. Alikuwa mama mnene, mlokole, mwenye sauti ya kuuza sokoni. Aliniona sina mtu wa kuniletea chakula. Akafungua chupa ya uji, akamimina, akaonja mwenyewe kwanza, ndipo akanipa.

"Nilijifunza hapa kwenu," alisema. "Siku ya kwanza nilipatia mutu chai bila kuonja, akanikimbia."

Nilicheka, mbavu zikaniuma. Uji ulikaa tumboni, haukurudi.

Dripu zilipokwisha, sindano za vitamini zikaanza, na mvua zilikuwa zimeshika kwelikweli. Nilirudi nyumbani. Pipa nilimpa fundi wa bati alikate atengeneze mabeseni, lakini wateja hawakupewa taarifa. Waliendelea kubisha mlango. Nilikaa ndani kimya, shuka mdomoni, jasho linanitoka kama nimemwagiwa maji, nawasikia wakisema, "Mama Nadine eko ndani, sikia pumzi yake." Akina mama wa maombi nao walikuja kunitoa pepo la lutuku. Walinikemea mpaka sauti zikakauka. Pepo halikutoka, lakini walinichotea maji na kunifulia mashuka, na hilo lilinisaidia sana.

Mama Furaha alinipa kazi ya kuchambua maharagwe kwenye depo yake. Unamwaga kwenye ungo, unatoa mawe, unatoa yaliyooza. Mwanzoni mikono yangu ilitetemeka mpaka maharagwe yakaruka sakafuni, na vijana wa kubeba magunia wakasema nacheza muziki. Nikawaambia wacheze basi, ngoma ipo. Wakati uyoga unauzwa kando ya barabara, bado nilikuwa namwaga. Mangi, yaani mahindi mabichi, zilipoanza kuchomwa mitaani, ungo ulikuwa umetulia mkononi, na vijana hawakutaja muziki tena. Nilitembea nyumbani siku ile najisikia tajiri.

Yaya Monika hakuniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini. Alimtuma dereva wa lori la samaki anitazame kila akipita. Mtu mzima na heshima zake, anasimama mlangoni pa depo, ananiangalia macho, ananiangalia miguu, ananisogelea kunisalimia kwa karibu sana.

"Papa, unanusa?" nilimwuliza mara moja.

"Mama, balinituma," alisema, akainamisha kichwa.

Ndani ya depo ile ndimo nilimolia. Tulikuwa wawili, magunia yametuzunguka, na Mama Furaha aliniuliza bila kuinua macho kwenye ungo wake.

"Ule bwana yako, ulimulilia siku gani?"

"Namulilia namna gani? Maiti haiko. Kilio hatukufanya."

"Basi lia. Ao eko muzima, ao alikufa, kwako haiko."

Sijui ni kwa nini maneno hayo mepesi yalinikata vile. Nilikuwa nimemngoja yule mtu kila jioni kwa miaka, na kila jioni nilikunywa ili nisisikie kwamba hakuja. Nililia nimekumbatia gunia, kwa sauti ya msibani, nikimwita kwa jina lake la nyumbani. Vijana wa magunia walisimama mlangoni wakavua kofia. Mama Furaha alikaa tu pembeni yangu mpaka nikamaliza, kisha akanipa ungo wangu.

Upepo wa baridi wa kiangazi ulipoanza, dereva wa samaki alikuja na neno: Yaya Monika anamleta Nadine. Wiki hiyohiyo. Niliosha nyumba mpaka kuta. Nilishona nguo ya shule ya Nadine kwa kukisia urefu wake, na kukisia kwenyewe kulinitia uchungu.

Mama Furaha naye alitaka kunifurahisha. Aliuliza watu wa hapa, nini mtu asiyekunywa pombe anaweza kunywa katika sherehe? Wakamwambia munkoyo, kinywaji cha watoto, uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi ukawa mtamu. Walimwambia kweli. Hawakumwambia kwamba munkoyo ni wa watoto ukiwa wa leo. Anayezaliwa hapa anajua tangu utotoni kwamba ukiuacha ukae, unachacha, unakuwa pombe yenye nguvu zake. Mama wa watu kutoka Kivu aliununua mapema ili usikose siku yenyewe, akauhifadhi kwenye dumu, akalifunika vizuri.

Mchana wa siku ya kuamkia ujio wa Nadine aliniita ndani ya depo. Kulikuwa na mikate, na dumu, na vijana wa magunia wamekusanyika. Alimimina, kikombe kikatoa povu. Akainua, akaonja mbele yangu kwa adabu aliyojifunza kwetu, akadhani ukali ule ndio ladha yake, akanipa kwa mikono miwili.

"Tumushukuru Mungu, Mama Nadine."

Nilinusa kabla hakijafika mdomoni. Nilijua. Mtu ambaye amekwisha kukuonjea, ukimrudishia kikombe, umemwita mchawi mbele ya watu, na watu walikuwapo. Huo ndio ukweli wa nusu niliojiambia. Nusu nyingine ni kwamba mate yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikanywa. Nikaomba kingine. Mama Furaha alifurahi kuniona nafurahi, akamimina tena. Kutoka pale sikwenda nyumbani, nilipita kwa mwanamke mwenzangu anayeuza lutuku mtaa wa pili, na yeye hata hakungoja nimwambie aonje.

Asubuhi niliamka sakafuni, kichwa kinapiga, nguo ya shule ya Nadine imekunjwa juu ya kiti. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Nilitafuna karafuu. Nilifungua madirisha. Nilijua ninavyojua kuficha. Kwa hilo nilikuwa fundi. Na lori likasikika barabarani.

Nadine alishuka wa kwanza. Alikuwa amerefuka mpaka nguo niliyoshona isingemfika magotini. Alitabasamu, akaanza kuja mbio, na nyuma yake Yaya Monika akiwa na kapu la samaki kichwani na macho yamenikazia.

Ningeweza kunyamaza. Huenda wangeona macho mekundu wakadhani ni kilio cha furaha. Nadine angelala kwangu siku ile. Lakini nilifikiri juu ya asubuhi ya pili na ya tatu, mimi ninafundisha tena mwili wangu kukosa, mtoto peke yake ndani na mama anayeweza kuanguka. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa askari.

"Nadine, simama pale," nilisema. "Yaya, jana nilikunywa. Nilikunywa mingi. Rudi naye."

Yaya Monika alitua kapu. Nadine alisimama katikati ya uwanja, mikono bado imenyooshwa kidogo.

"Mama?"

"Nilikunywa, mutoto yangu. Haina malaria. Haikukuwaka malaria. Ilikuwa lutuku."

Hakulia pale. Aligeuka, akatembea mpaka kwenye lori, akapanda mwenyewe, akakaa akanipa mgongo. Yaya Monika alinisogelea. Nilitegemea matusi. Alichukua samaki wawili wakubwa kwenye kapu, akawaweka kwenye kizingiti changu, akaondoka. Nilikaa chini pale pale na kulia mpaka majirani wakafikiri kuna msiba.

Safari hii nilikwenda hospitalini kwa miguu yangu, nikawaambia wauguzi mapema kwamba mwili utanisumbua. Benchi lilikuwa lilelile gumu, lakini nilijua kinachokuja. Mama Furaha alikuja amevimba macho.

"Nilikuua," alisema. "Mimi na dumu yangu."

"Mama, we ulinipa kikombe kimoja. Ile mingine niliomba mi."

Aliniletea uji kila siku mpaka nikatoka. Na mimi nikajifunza neno moja ambalo nawapa ninyi pia, mnaoishi penye adabu kama yetu: sema kabla mwenyeji hajaonja. Akishika tu kikombe, sema, "Mama, usionje, mi sikunywake pombe." Mwanzoni ulimi unakuwa mzito. Wengine watanuna. Akishaonja umechelewa, utakuwa unapigana na watu wawili, yeye na wewe mwenyewe.

Mvua zikaja, mangi zikaiva, vinkubala, viwavi vya kula, vikaletwa sokoni kwa mabeseni, vinajinyonganyonga. Nilichambua maharagwe. Dereva wa samaki alipita, hakutumwa tena kuninusa, na hilo lilinitisha zaidi. Nilidhani wamenikatia tamaa. Mahindi yalipovunwa nilimwomba nafasi kwenye lori lake, nikaenda Kasomeno mwenyewe.

Nadine alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Sikumwambia asimame. Niliketi upande wa pili wa rundo, nikachukua gunzi langu. Tulipukuchua pamoja. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakanikimbia.

"Uko unakunywa?" aliuliza.

"Hapana. Tangu ile siku mulirudi na lori, hapana."

"Zamani ulisemaka malaria."

"Nilikudanganya."

"Mi nilikuwa nasafisha bikombe." Sauti ilimkatika. "Nilikuwa nafikiri nakusaidia na malaria."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Aliendelea na gunzi lake mpaka likabaki tupu, akalitupa pembeni.

"Ile siku uliniambia kweli mbele ya Yaya Monika," alisema. "Kabla ya ile, hapana hata siku moja. Mi nilikasirika sana. Lakini nilifikiri." Akachukua gunzi lingine. "Usiniambie hautakunywa tena. Sitaki ile. Mi ntakuuliza kila siku, na we utanijibu."

Yaya Monika alikuwa mlangoni na kikwembe chake begani, amesikia yote. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nguo za Nadine. Akauweka juu ya gunia la unga alilokuwa amenifungia, akaenda kumwita dereva.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Nadine anarudi kutoka shule, anavua viatu, anakuja nilipo. "Mama, na leo?" Mimi najibu, "Hapana." Anaenda kuleta maji ya kunawa. Siku nyingi ni hivyo tu.

Lakini kuna siku moja ya joto, mvua imegoma kunyesha, nilipita mbele ya mlango wa yule mwanamke wa mtaa wa pili, nikasimama. Nilisimama mpaka akaanza kumimina. Nikaondoka, na nyumbani nikapika bukari, ugali wetu. Nadine aliingia, akauliza. Neno hapana lilikuwa kweli, ningeweza kuliacha hapo.

"Hapana," nilisema. "Lakini nilitaka. Nilisimama kwa mulango yake."

Alinitazama. Nilifikiri ataenda kufunga nguo zake, na nisingemzuia. Alikaa chini, akasogeza bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, katikati yetu.

"Bon, tukule," alisema. "Kesho nitakuuliza tena."